Kijana, Saikolojia na Neno "Jikaze"

Tangu kitengo chetu kianze kuzuru shule za upili za Kisumu, kuanzia Kondele na Nyalenda hadi Ahero na Muhoroni, ili kuwafahamisha wanafunzi kuhusu saikolojia na afya ya akili, tumepokea malalamiko ya aina mbili. Wazazi wanateta kwamba watoto wao wanaonana na mshauri nasaha bila wao kuarifiwa, nao wanafunzi wanateta kwamba waliyomweleza mwalimu wa ushauri yalifika majilisi ya walimu kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Malalamiko yote mawili yana msingi, na ndiyo sababu ya makala haya.

Saikolojia huchunguza jinsi binadamu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda, akiwemo yule asiye na tatizo lolote. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini alichokariri usiku kucha kimemtoroka asubuhi ya mtihani anauliza swali la kisaikolojia, na jibu lake lina uhusiano mkubwa na usingizi: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane hadi kumi, jambo ambalo shule zinazowaamsha wanafunzi saa kumi usiku kwa ajili ya prepu zingefaa kulitafakari. Hata hivyo, hakuna gwaride tulilohutubia ambalo halikutoa mtu wa kuuliza, mara nyingi mtu mzima, iwapo tumekuja kuwatafuta wenye wazimu.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili. Huzuni ya siku mbili baada ya matokeo mabaya haihesabiki hapo. Tunachoomba kiangaliwe ni mabadiliko yanayodumu wiki mbili au zaidi: kijana aliyependa kandanda anaacha kwenda uwanjani, hapati usingizi au hafanyi lolote ila kulala, hataki kula, anajitenga, anakuwa mkali bila sababu inayoeleweka. Kijana wa namna hii huambiwa ajikaze, na akilia hukumbushwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo haina kosa, lakini ilitungwa kumhusu anayengoja tunda liive, na si kumhusu anayeugua huku akinyamaza.

Ustahimilivu tunaoufundisha ni uwezo wa kutikiswa na kurejea katika hali nzuri, na ni nadra mtu kurejea peke yake. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi walipokuwa watu wazima. Miongoni mwa waliokulia katika ufukara, ugomvi wa nyumbani au maradhi ya wazazi, takriban thuluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo na utulivu, na jambo mojawapo lililojitokeza kwao ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba. Mtu huyo si lazima awe mzazi. Anaweza kuwa nyanya, shangazi au mwalimu.

Sasa utaratibu. Mazungumzo ya kawaida na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni hayahitaji barua ya mzazi. Matibabu katika kliniki yetu kwa aliye chini ya miaka 18 yanahitaji idhini ya mzazi au mlezi, anayepaswa kufika mwenyewe na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na barua ya rufaa ikiwa ametokea kituo kingine cha afya. Anayoyasema mtoto yanabaki siri, isipokuwa katika hali tatu: maisha yake yakiwa hatarini, maisha ya mwingine yakiwa hatarini, au ikidhihirika kwamba anadhulumiwa. Hata hapo huarifiwa yule tu anayehitajika kuchukua hatua. Majilisi nzima haihitajiki.

Mwalimu anayemwaibisha mwanafunzi gwarideni kwa siri aliyoitoa katika ushauri akumbuke kwamba kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza kumtendea mwanafunzi kwa namna ya kikatili au ya kumdhalilisha, iwe kimwili au kisaikolojia. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Tunaulizwa pia, kwa kweli kila wiki, iwapo kijana akionekana kliniki hatapata cheti cha maadili mema cha polisi. Cheti hicho huhusu rekodi za jinai. Kuugua si jinai. Kuhusu kujaribu kujiua, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoweka kifungo cha hadi miaka miwili, kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Kwa hivyo, familia inayomficha kijana wa aina hiyo nyumbani kwa hofu ya polisi inamchelewesha bure. Aletwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake njiani, na asingoje barua ya rufaa.

Mtoto ambaye hana wa kumweleza nyumbani wala shuleni anaweza kupiga simu 116, ambayo haitozi malipo.