Kabla hujanunua busta ya antena ya gari, cheki urefu na erthi kwanza

Mtu redio ya gari ikianza kukwaruza swali la kwanza ni "fundi, niweke busta gani?" na jibu langu ni lile lile, busta baadaye. Busta inakuza kila inacholetewa, kama antena inaleta kelele basi utapata kelele kubwa zaidi.

Anza na urefu. FM inarushwa kati ya megahezi 87.5 na 108, na wimbi la megahezi 100 lina urefu wa kama mita 3, sasa antena ya fimbo inapokea vizuri ikiwa robo ya hapo, yaani sentimita 75 hivi, ndio maana zile fimbo ndefu za kwenye madigadi zilikuwa zinavuta stesheni za mbali bila shida. Hizi fupi kama kidole ndani wamezungusha waya kama springi kufidia urefu, zinasaidia ila kuna kitu unapoteza, ukiwa karibu na mnara hutajua, ukitoka nje ya mji utajua. AM ndio inaumia zaidi kwa sababu mawimbi yake ni ya mamia ya mita.

Halafu erthi, yaani antena kushikana vizuri na bati la gari, hapa ndipo nakuta matatizo mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Ile fimbo ni nusu tu ya antena, nusu ya pili ni bati la gari lenyewe, ndio maana katikati ya paa ni sehemu nzuri sana, na kutu au rangi chini ya kitako cha antena inaweza kuua kila kitu hata kama fimbo ni mpya. Fungua, piga msasa mpaka bati ling'ae, kaza, paka grisi kidogo kuzuia maji. Kwa antena ya kawaida isiyo na amplifaya chomoa plagi yake nyuma ya redio upime na mita ya umeme: fimbo na pini ya katikati ziwasiliane, ganda la nje la plagi liwasiliane na bodi, lakini pini na ganda zisiwasiliane kabisa, zikiwasiliana ujue kebo imeshoti au maji yameingia.

Antena ya pezi la papa, ile fupi ya juu ya paa yenye umbo la pezi, ni habari nyingine. Mengi yana amplifaya ndani inayotaka volti 12, watu wanabadilisha redio wanasahau kuunga waya wa umeme huo, mara nyingi wa bluu, halafu wanalaumu redio mpya. Kuna magari umeme huo unapita ndani ya kebo ya antena yenyewe, hayo lazima uweke adapta yake.

Kelele ikipanda ukikanyaga mafuta, chomoa antena usikilize. Ikibaki, inapitia kwenye nyaya za umeme, angalia oltaneta na erthi ya redio. Ikiondoka, chomoa chaja ya simu na uzime taa za LED kimoja kimoja, hizo za bei rahisi zinachafua masafa vibaya mno.

Na kama gari limetoka Japani na redio yake inaishia megahezi 90, au 95 kwa zile mpya, usiguse antena. Stesheni za juu ya hapo redio haizifikii, unahitaji kibadilisha masafa kwenye kebo au ubadilishe redio yenyewe, na mimi ningebadilisha redio maana vile vibadilishaji vinapunguza usikivu na namba kwenye kioo hazilingani tena na stesheni.