Kupendekeza marekebisho ya Katiba ni kufanya nini hasa?

Mwishoni mwa mwaka 2020, hapa Kenya, kwenye steji ninayopandia matatu, alikuwapo kijana mwenye meza ndogo na rundo la fomu. "Mzee, weka sahihi hapa, ni ya BBI." Huo ulikuwa mpango wa kurekebisha Katiba. Wengine walimuuliza maswali mawili matatu. Wengi waliandika jina, nambari ya kitambulisho, wakatia sahihi na kukimbilia gari lisijae. Sidhani kama hata mmoja wao angekuambia kwamba alikuwa amependekeza kubadilisha sheria kuu ya nchi. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kupendekeza ni hatua ya mwanzo ya kurekebisha katiba. Anayependekeza habadilishi chochote. Anachofanya ni kulileta jambo mbele ya wenye uwezo wa kulikubali au kulikataa, na katiba nyingi husema wazi nani anaruhusiwa kulileta na kwa njia gani. Tusichanganye pia kurekebisha na kuandika katiba mpya. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 ilikuwa imefanyiwa marekebisho 14 kufikia mwaka 2005 na bado ni ileile ya 1977. Kazi ya Bunge Maalum la mwaka 2014 kule Dodoma, kwa upande mwingine, ilikuwa kupata katiba nyingine kabisa, nayo Katiba Inayopendekezwa haijapigiwa kura ya maoni mpaka leo.

Nirudi Kenya, kwa sababu ndiko hatua hii ya kupendekeza ilikobishaniwa mahakamani hadi ngazi ya mwisho.

Katiba ya 2010 inatoa njia mbili. Ya kwanza, Kifungu cha 256, ni ya bunge. Mswada wa marekebisho unaweza kuanzia katika Bunge la Kitaifa au Seneti. Ukishasomwa mara ya kwanza lazima zipite siku 90 kabla ya kusomwa mara ya pili, na katika kipindi hicho Bunge linatakiwa kuutangaza na kuwapa wananchi nafasi ya kuujadili. Halafu lazima uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wa kila bunge, katika kusomwa mara ya pili na tena mara ya tatu.

Neno "wote" hapo lina uzito. Si theluthi mbili ya waliohudhuria. Katika Bunge la Kitaifa lenye wanachama 349, bila kumhesabu Spika, zinahitajika kura 233. Februari 2019 mswada wa usawa wa jinsia ulikwama hapo hapo. Haukuangushwa na wapinzani waliosimama kuupinga kwa hoja. Idadi ya kutosha ya wabunge haikupatikana ukumbini. Kumbe kukaa nyumbani nako ni kupiga kura.

Ukitaka kujua siku 90 zilitoka wapi, angalia katiba ya zamani ilivyokuwa ikishughulikiwa. Mwaka 1966, wabunge walipomfuata Oginga Odinga katika chama kipya cha KPU, katiba ilirekebishwa kwa kasi ya ajabu ili mbunge anayehama chama alazimike kurudi kwa wapiga kura. Mwaka 1975 ikarekebishwa ili Rais apate uwezo wa kumsamehe mtu aliyepatikana na kosa la uchaguzi. Aliyenufaika anajulikana, mwanasiasa Paul Ngei, na mpaka leo watu wa historia huyaita marekebisho ya Ngei. Juni 1982 kikaingizwa kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na kuking'oa kulichukua hadi Desemba 1991. Mwananchi alikuwa akisikia redioni kwamba katiba imebadilika wakati hata hakujua kuna mtu aliyependekeza ibadilishwe. Walioandika ya 2010 walikuwa na kumbukumbu hizo, ndiyo maana mapendekezo siku hizi hutembea polepole. Mimi nauona mwendo huo kuwa haki ya mwananchi, hata pale mswada ninaoupenda unapochelewa.

Njia ya pili, Kifungu cha 257, ndiyo ya kijana wa steji. Hapa wanaopendekeza ni wapiga kura wenyewe. Zinahitajika sahihi za wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua milioni moja. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, huhakiki kwamba wanaounga mkono wamefika milioni hiyo, kisha hupeleka mswada katika mabunge yote 47 ya kaunti. Kila bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuamua. Yakikubali mabunge 24, mswada unaingia Bungeni, na huko unatosha wingi wa wanachama wa kila bunge badala ya theluthi mbili. Ukikataliwa na mojawapo ya mabunge hayo mawili, haufi: unapelekwa kwa wananchi waamue kwa kura.

Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui. Pendekezo la wananchi linaweza kuanza likiwa wazo la jumla tu, kwa mfano "tupunguze idadi ya wabunge", au likiwa mswada ulioandikwa kamili. Likiwa wazo tu, wanaoliongoza ndio wanaopaswa kuliandika liwe mswada. Kwa hiyo fomu inapokufikia, swali la kwanza si kama unakubaliana nalo. Uliza kama kuna maandishi tayari, na kama hayapo, ni nani atakayeyaandika.

Njia hii inasikika rahisi kuliko ilivyo. Okoa Kenya, mpango wa marekebisho wa muungano wa upinzani wa CORD, ulikwama mwaka 2016 kwenye uhakiki: IEBC ilisema sahihi halali hazikufika milioni moja, ingawa zilizowasilishwa zilikuwa zaidi ya hizo. Punguza Mizigo ya Ekuru Aukot na chama chake cha Thirdway Alliance ilivuka kizingiti hicho mwaka 2019, ikaenda kuangukia kwenye mabunge ya kaunti. Ulikuwa mswada wa kupunguza viti na gharama za uongozi, ukapelekwa kwa wenye viti. Nani angeshangaa?

Kisha ikaja BBI, Mpango wa Maridhiano. Ulizaliwa na ule mkono waliopeana Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga tarehe 9 Machi 2018. Sahihi zilipatikana, mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yakaupitisha, na Mei 2021 mabunge yote mawili jijini Nairobi yakaupitisha pia. Wafuasi wake walikuwa wakiimba kwamba reggae, yaani mpango wao, haizimwi. Tarehe 13 Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu wakaizima. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao kwa sehemu kubwa mwezi Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho.

Kesi ile ilikuwa na masuala mengi, lakini lililogusa mada yetu ni hili: nani hasa alipendekeza? Karatasi zilisema wananchi. Mahakama zilitazama chanzo cha jambo lenyewe, zikaona Rais. Mahakama ya Juu ikasema Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia ya Kifungu cha 257, kwa sababu njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya raia asiye na mamlaka ya dola mkononi. Rais akitaka mabadiliko, ana wabunge wanaomuunga mkono, na wao wana Kifungu cha 256. Mahakama hiyo iliikataa pia hoja iliyokuwa imeshinda ngazi za chini, kwamba ipo mihimili ya Katiba isiyoguswa kwa marekebisho ya kawaida. Na ilikosoa jinsi maeneobunge 70 mapya, yaliyotakiwa kuongezwa juu ya 290 yaliyopo, yalivyoingizwa mwishoni bila wananchi kushirikishwa ipasavyo.

Hilo la mwisho ndilo linalonikera zaidi. Mtu hutoa maoni yake juu ya karatasi moja, halafu karatasi inayofika mbele inakuwa na jedwali ambalo hakuwahi kuliona.

Je, kila pendekezo huishia kwa mpiga kura? Hapana. Kifungu cha 255 kimetaja mambo kumi yasiyoweza kubadilishwa bila kura ya maamuzi, miongoni mwake mipaka ya nchi, haki za kimsingi, muda wa Rais kuhudumu, uhuru wa Mahakama, majukumu ya Bunge na muundo wa ugatuzi. Ili kura hiyo ipite, lazima walio wengi waliopiga kura waunge mkono, na katika angalau nusu ya kaunti wajitokeze asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa. Mengine yaliyobaki yanaweza kumalizwa na wabunge, au na wabunge pamoja na kaunti. Ndiyo sababu mwanasiasa mjanja akipendekeza jambo hujitahidi kuonyesha kwamba haligusi orodha ile. Mwaka 2024 mswada wa kuongeza muhula wa Rais kutoka miaka 5 hadi 7 ulipofika Seneti, haukuwa na pa kujificha, na maoni ya wananchi waliokasirika yalimiminika kabla hata haujafika mbali.

Kura zenyewe tumezizoea. Mwaka 2005 tulichagua kati ya ndizi, alama ya ndiyo, na chungwa, alama ya hapana. Chungwa likashinda, rasimu ikaanguka, na tunda hilo likazaa chama cha siasa. Tarehe 4 Agosti 2010 ilikuwa kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Siku hizo mbili kila mtu alijua anachoamua, hata asiyejua kusoma.

Kwenye steji siku ile ya 2020 hapakuwa na rangi yoyote. Nilimuuliza kijana kama ana nakala ya mswada. Akatazama chini ya meza, akapekua, akainuka na kijitabu kimoja kilichokunjika pembe. "Kiko hiki kimoja tu, Mzee. Ukimaliza kusoma nirudishie."