Kundi la soul la kugawana sauti ni nini? Mfano wa The Delfonics

Aliyewahi kuimba kwaya hahitaji maelezo marefu. Mwalimu anagawa sauti: hawa wa kwanza, hawa wa pili, hawa wa tatu, na wenye vifua vizito wanabaki na besi. Wimbo ni mmoja, ila kila kikundi kina njia yake ya kuupita. Kundi la soul (muziki wa Wamarekani weusi wenye mizizi kanisani) la kugawana sauti ni kwaya hiyo hiyo, imepunguzwa hadi watu watatu, wanne au watano, imetoka kanisani ikahamia kona ya mtaa, na anayeimbiwa sasa ni mpenzi. Kwa kawaida waimbaji hawashiki ala. Ala zina watu wake.

Marekani ya miaka ya 1960 na 1970, makundi ya namna hii yalitambulika kwa miji yao. Chicago ilikuwa na The Impressions, Detroit ilikuwa na The Dramatics, Philadelphia ikawa na The Delfonics. Kundi kuitwa la mji fulani hakukuishia kwenye mahali walipozaliwa waimbaji. Studio ilikuwa ya hapo, lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, ya hapo, mpangaji wa muziki wa hapo, wapiga ala wale wale waliozunguka kutoka rekodi moja hadi nyingine. Ndiyo maana mtu mwenye sikio zuri anaweza kuutaja mji kabla hajalijua kundi.

The Delfonics walioleta sifa walikuwa watatu: ndugu wawili, William na Wilbert Hart, pamoja na Randy Cain. William, aliyeitwa Poogie, alikuwa akifanya kazi kwenye kinyozi kabla ya kukutanishwa na Thom Bell, mpiga piano aliyesomea muziki wa okestra, ambaye ndiye aliyekuja kuwapangia muziki. Mkutano huo ndio ulioamua kila kitu.

Kwa nini? Kwanza, sauti ya William. Aliimba kwa falseto, yaani ile sauti nyembamba ya juu anayoipata mwanamume akiiacha sauti yake ya kifuani. Makundi mengi yaliitumia kama pambo la juu. Yeye alikaa huko huko juu akausimulia wimbo, na wenzake wakamtandikia mkeka chini yake. Pili, Bell hakumzungushia magitaa na saksafoni peke yake kama ilivyozoeleka kwenye soul ya kusini mwa Marekani. Alileta fidla, pembe na ngoma kubwa za okestra, tena akipiga ala nyingi mwenyewe. Matokeo yake ni muziki mpole unaosikika kama mtu anayeomba msamaha akiwa amevaa suti. Wapo wanaouona ni utamu uliozidi. Mimi naona ujasiri: mwanaume mzima kusimama jukwaani akalia kwa sauti ya mtoto si jambo dogo.

Wimbo wa "La-La (Means I Love You)" ulitoka mwaka 1968 kwenye lebo ya Philly Groove ya meneja wao Stan Watson, ukafika nafasi ya 4 kwenye chati kuu ya Marekani. "Didn't I (Blow Your Mind This Time)" uliingia kumi bora mwaka 1970 na kuwapa tuzo ya Grammy. Wakati huo Dar es Salaam soul ilikuwa na kesi yake: mwaka 1969 wakuu wa mkoa waliipiga marufuku wakisema inaharibu maadili ya vijana. Sidhani kama waliokuwa wakilalamika walikuwa na nyimbo laini kama hizi kichwani. Jina la James Brown, yule mwimbaji wa soul ya kelele na jasho, lilitosha.

Baada ya hapo Bell aliondoka, akaenda kuwajenga The Stylistics na kuwafufua The Spinners. Cain naye alitoka mwaka 1971, nafasi yake ikachukuliwa na Major Harris. Kundi liliendelea kurekodi, lakini zile pembe na fidla hazikurudi vile vile, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa limegawanyika. Kwa miaka mingi walizunguka majukwaani waimbaji wa pande tofauti wote wakitumia jina la Delfonics. Huo ni ugonjwa wa makundi haya karibu yote: jina likishakuwa na thamani, kila aliyeligusa analidai.

Nyimbo zenyewe zilipata maisha mengine. Jackson 5 waliziimba tangu mwanzo wa safari yao. Mwaka 1996 kundi la hip-hop la Fugees lilijenga "Ready or Not" juu ya kiitikio cha wimbo wa Delfonics wa 1968, kwa hiyo vijana wengi wa Nairobi na Dar walikuwa wakiimba maneno ya Poogie bila kumjua. Mwaka uliofuata filamu ya "Jackie Brown" iliwarudisha hata kwa jina. William Hart alifariki Julai 2022, Bell akamfuata Desemba mwaka huo huo.

Anayetaka kuisikia dhana yenyewe aweke "La-La" mara mbili. Mara ya kwanza amfuate William. Mara ya pili amwache aende zake, awasikilize wale wawili wa nyuma: wanaingia wapi, wananyamaza wapi.