Kwa nini draiva ya grafiki hudai ruhusa ya msimamizi

Wengi ninaowahudumia huniuliza: mbona kivinjari kinasakinishwa bila maswali, lakini draiva ya kadi ya grafiki, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi hiyo, inadai nenosiri la msimamizi?

Tazama inakokwenda kukaa. Programu ya kawaida inaweza kutosheka na folda za mtumiaji mmoja. Ikianguka, inaanguka peke yake. Draiva ya grafiki ina sehemu inayoingia kwenye keneli, kiini cha mfumo endeshi, ambako hakuna ukuta kati yake na kumbukumbu ya mfumo. Ikikosea huko, kompyuta nzima inaweza kusimama na skrini ya buluu. Ikiwa ni ya hila, inaweza hata kuizima antivirasi. Kwenye Windows, faili zake huhifadhiwa ndani ya C:\Windows\System32\DriverStore, mahali ambapo akaunti ya kawaida haina ruhusa ya kuandika.

"Lakini mimi ndiye msimamizi!" Sawa, ila tangu Windows Vista hata akaunti ya msimamizi hufanya kazi za kila siku kwa mamlaka yaliyopunguzwa. Mamlaka kamili huja ukikubali tu, na kwa programu hiyo moja. Ndiyo maana skrini inafifia: swali la ruhusa linatokea kwenye skrini iliyotengwa, programu nyingine isije ikakubonyezea Ndiyo. Tafadhali, kabla ya kubonyeza, soma jina la mchapishaji. Ikiandikwa kwamba mchapishaji hajulikani, bonyeza Hapana na uipakue upya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Na usilizime dirisha hilo la swali kabisa, hata kama linakuudhi. Ukilizima, programu yoyote utakayoifungua itaweza kupata mamlaka hayo kimyakimya.

Kama huna nenosiri, jaribu Windows Update. Huduma hiyo ina mamlaka ya mfumo wenyewe, hivyo mara nyingi huweka draiva bila kukuomba chochote, ingawa toleo lake linaweza kuwa la nyuma kidogo.

Kwenye Linux utatumia sudo, amri inayokupa mamlaka ya msimamizi, na hapo kuna mtego: kama Secure Boot (kinga inayokagua saini za programu za kiini kompyuta inapowaka) imewashwa, usakinishaji unaweza kwisha vizuri kabisa, kisha keneli ikakataa kuipakia draiva kwa sababu haiutambui ufunguo uliotumika kuitia saini. Sudo haitatui hilo. Sajili ufunguo huo kwa amri ya mokutil, washa upya kompyuta, na uuthibitishe kwenye skrini inayotokea kabla mfumo haujaanza.