Je, wajua maabara hujuaje kama jani la mwarobaini linaua bakteria?

Mwarobaini uliitwa hivyo kwa sababu husemwa kuwa unatibu maradhi arobaini. Bibi huchemsha majani, mtoto mwenye upele akaogeshwa, na mwenye homa akapewa kikombe anywe huku amekunja uso. Maabara haiji kubishana na bibi. Swali lake ni jingine: ni kidudu gani hasa kinachokufa, na kwa dawa kiasi gani?

Majani hukaushwa kivulini, husagwa, kisha unga hulowekwa siku mbili tatu kwenye maji, au kwenye pombe kama ethanoli na methanoli. Hapo ndipo pa kuangalia, maana pombe hutoa kwenye jani vitu vingi ambavyo maji hayawezi kuviyeyusha. Jani lile lile laweza kushindwa kwenye maji likafaulu kwenye pombe. Baada ya kuchuja na kuvukiza, hubaki kitu kizito cha kijani kinachonata.

Sahani ya jeli itokanayo na mwani hupakwa bakteria wa aina moja, tuseme Staphylococcus aureus, hao wa majipu. Hutobolewa vishimo vyenye upana wa milimita 6 hivi, vikatiwa dawa, yaani kile kitu cha kijani kilichoyeyushwa tena, sahani ikalazwa kwenye nyuzi joto 37. Kesho yake bakteria wametanda kama ukungu kwenye kioo, ila pale walipozuiwa pana duara safi, nalo hupimwa kwa rula. Fangasi kama Candida albicans hupimwa kwa njia hiyo hiyo.

Kishimo kimoja hutiwa dawa ya hospitali, mathalani gentamisini, kwa ajili ya kulinganisha. Kingine hutiwa kile kimiminika kitupu kilichoyeyushia dawa, bila jani. Hiki wengi hukidharau, kumbe ndicho hakimu: methanoli yenyewe huua bakteria, na bila kishimo hicho sifa ya chupa ingepewa mti.

Hata hivyo duara hudanganya. Chembe ndogo husambaa upesi kwenye jeli, zenye mafuta hujikokota, hivyo dawa kali yaweza kuchora duara dogo. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili: dawa huzimuliwa nusu kwa nusu kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, hadi kijulikane kiasi kidogo kabisa kinachozuia bakteria wasikue. Gentamisini mara nyingi hutosha chini ya mikrogramu 1 kwa mililita. Dawa ghafi ya majani huhitaji mamia, pengine maelfu. Na Escherichia coli, bakteria wa tumboni mwenye utando wa ziada nje, kwa kawaida ni msumbufu kuliko yule wa majipu.

Bado kuzuia si kuua. Tone kutoka kishimo kisichoonyesha uhai huhamishiwa sahani mpya isiyo na dawa. Wakiota tena, walikuwa wamezubaishwa tu.