Kushuka kwa volti: kwa nini kalkilateri husingiziwa kufa

Peleka gari lililogoma kuwaka kwenye karakana ya Katuba au Kampemba, hapa Lubumbashi, na hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa vizuri: "Papa, kalkilateri imekufa." Kalkilateri ni lile sanduku la elektroniki linaloamua injini ipewe petroli kiasi gani na cheche ipigwe wakati gani. Ni kweli hufa, lakini mara nyingi zaidi huwa na njaa tu ya umeme. Kwa hiyo mimi humwuliza fundi swali moja: volti umezipima zikiwa kazini?

Umeme unapopita kwenye waya, kiungo, fyuzi au rele (swichi inayowashwa kwa umeme), sehemu ya volti huachwa njiani kama ushuru. Huko ndiko kushuka kwa volti. Kwa sheria aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827, zinazoachwa ni sawa na mkondo mara ukinzani. Waya mzima una ukinzani mdogo mno, hivyo hasara yake haionekani. Lakini kiungo kikipata kutu hadi ukinzani ufike nusu omu, na vifaa vya mbele yake vikavuta ampea 4, volti 2 zimekwisha kabla hazijafika. Kutu yenyewe sisi tunaijua rangi: ni ule ukijani wa malakiti yanayochongwa na kuuzwa mjini hapa. Shaba ni ile ile, ila kwenye plagi ya gari haina mnunuzi.

Kosa la kawaida ni kupima njia isiyo na kazi. Fundi anachomoa plagi ya kalkilateri, anagusisha multimeta, kile kipimio cha umeme, anasoma volti 12.5 na kutangaza kwamba umeme upo. Multimeta haivuti karibu chochote, kwa kuwa nyingi zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10 hivi. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utamwonyesha 12.5 zile zile. Aliyewahi kusimama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anaelewa: njia ikibanwa, pikipiki moja itapenya tu, nawe utaapa kwamba barabara iko wazi. Ngoja malori ya shaba yafike.

Dawa ya bei rahisi ni balbu ya taa ya breki ya wati 21, inayovuta karibu ampea 1.75. Plagi ikiwa imechomolewa na kontakti (swichi ya ufunguo) imewashwa, iunganishe kati ya pini ya umeme na pini ya masi, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Ikiwaka kwa ukali, njia ni nzima. Ikiwa nyekundu kama makala yanayozimika kwenye mbabula, lile jiko la mkaa, njia ina ugonjwa. Pini za sensa, vile vifaa vinavyoipa kalkilateri vipimo vya injini, usiziguse na balbu hiyo. Nyingi hutumia volti 5 na mkondo kidogo sana.

Kipimo kamili hufanywa plagi ikiwa mahali pake na injini ikinguruma. Ncha moja ya multimeta iwe kwenye chanya ya betri, nyingine nyuma ya pini ya kalkilateri inayopokea umeme. Namba unayoisoma ndiyo iliyopotea. Zaidi ya nusu volti, anza kufuata waya, fyuzi na rele kuu, hasa miguu ya rele yenye namba 30 na 87, ambako mkondo mzito hupita. Kumbuka pia kwamba kalkilateri kwa kawaida ina umeme wa kudumu wa kumbukumbu na umeme wa kontakti, na mara nyingi wa rele kuu pia. Kimoja kikiwepo si ushahidi wa vingine.

Halafu masi, mahali ambapo watu huchoka kupima. Kati ya hasi ya betri na pini ya masi nataka isizidi volti 0.1. Masi ikipanda kwa 0.3, kalkilateri inaweza kuanza kusoma sensa vibaya na kulaumu vifaa visivyo na hatia. Na waya mnene wa masi ya injini ukioza, mkondo wa stata, ampea mia na zaidi, hutafuta njia nyingine, hata kupitia nyaya nyembamba za kalkilateri.

Skana, kifaa cha kusoma hitilafu za gari, ikitoa kodi P0562, mfumo umeona volti za chini. P0685 huelekeza kwenye rele kuu. Skana isipozungumza kabisa na kalkilateri, anza na umeme na masi.

Gari la jirani yangu lilipitia haya yote. Alinunua kalkilateri ya mtumba, nayo ikagoma kwa sababu haikuutambua ufunguo wake. Tulipopima masi tukakuta volti 1.4: gari lilikuwa limepakwa rangi upya, na boliti ya masi ilikazwa juu ya rangi. Tuliikwangua kwa kisu, tukakaza, ikawa 0.04, na kalkilateri ya zamani ikawasha injini. Ile ya mtumba iko chini ya kiti mpaka leo. Aliyeiuza hataki hata kuiona.