Mtoto Ametoka Wodini, Kinga Bado: Maisha ya Familia Baada ya Upandikizaji wa Uloto

Wazazi wanaofikiria upandikizaji wa uloto (sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu) kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, huuliza kwanza gharama, kisha huuliza mtoto atalazwa muda gani. Wana haki ya kuuliza hayo. Swali linalosahaulika ni la tatu, nalo linaigusa nyumba nzima: tukisharudi nyumbani, tutaishi vipi?

Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023. Kabla ya hapo, familia iliyotaka tiba hiyo ilibidi isafiri nje ya nchi, mara nyingi India. Kwa nchi inayozaa takribani watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, hii ni hatua kubwa. Maana yake pia ni kwamba mama, baba, bibi, shangazi na walimu wengi zaidi watajikuta wakimlea mtoto aliyepandikizwa, na wengi wao hawajawahi kumwona mwingine kama yeye.

Kilichofanyika mwilini ni hiki. Mtoto alipewa dawa kali za kuuondoa uloto wake wa zamani, kisha akawekewa kwa dripu seli shina, yaani seli zinazozalisha damu, za ndugu yake ambaye tishu zao zinalingana. Kati ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kikamilifu. Baada ya wiki mbili hadi nne hivi, uloto mpya huanza kutengeneza damu. Mtoto anakula, anacheka, mashavu yanajaa. Ndugu wakipiga simu ya video wanasema, "Mungu mkubwa, amepona!"

Ni kweli amevuka mto mkubwa, ila kinga yake bado ni ya mtoto mchanga. Chembe zinazopambana na virusi na fangasi huchukua mwaka mzima au zaidi kukomaa. Kwa kipindi chote hicho sura yake itawadanganya watu, na ajali nyingi za kipindi cha kupona huanzia hapo: dawa zinarukwa, wageni wanamiminika, kliniki inaahirishwa kwa sababu "mtoto mbona mzima".

Siku 100 za kwanza kwa kawaida familia hutakiwa kuishi karibu na hospitali, kwa hiyo mwenyeji wa Mwanza au Mtwara atapanga chumba mjini. Baada ya hapo hurudi nyumbani na mfuko wa dawa. Iliyo nyeti kuliko zote ni ya kutuliza kinga, kama siklosporini au takrolimasi. Kazi yake ni kuzuia chembe za mchangiaji zisiushambulie mwili wa mtoto. Ikipungua katika damu, mashambulizi huanza. Ikizidi, huumiza figo, hupandisha shinikizo la damu na inaweza kuleta degedege. Ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Siku ya kipimo, mtoto asimeze dozi ya asubuhi nyumbani. Ibebeni, ameze akishatolewa damu. Akimeza kabla, jibu litakuwa la uongo na daktari anaweza kumbadilishia dozi isivyostahili.

Familia iliyolea selimundu kwa miaka mingi ina uzoefu mkubwa, lakini sehemu ya uzoefu huo sasa inapotosha. Macho ya njano, kwa mfano. Zamani yalikuwa jambo la kila siku, na mama aliyaangalia akaendelea na kazi. Baada ya kupandikizwa, macho ya njano yanaweza kuwa dalili kwamba ini linashambuliwa. Kuharisha mfululizo nako si kwa kusubiri. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu wa vipele hauonekani kirahisi, hivyo tazameni viganja, nyayo na masikio, na muulizeni mtoto kama anawashwa. Miezi ikisonga, zingatieni mdomo wenye vidonda, macho makavu, ngozi inayokakamaa au kubadilika rangi.

Homa nayo ina sheria yake. Nyuzi joto 38 au zaidi ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na mtoto anacheza. Msimpe parasetamoli ili "tuone asubuhi", kwa sababu itashusha joto na kuacha maambukizi yakiendelea. Kipimo cha malaria kikionyesha hana, safari haijaisha; bado anahitaji vipimo vingine na pengine dawa ya sindano. Mlangoni tu mwambieni daktari wa zamu kwamba mtoto amepandikizwa uloto, na muonyesheni barua ya rufaa. Barua hiyo iandikwe pia kundi la damu la sasa, kwa maana kundi la mtoto linaweza kubadilika likawa la mchangiaji, na kadi ya zamani isimpotoshe mtu. Akihitaji kuongezewa damu, waulizeni kwanza waliompandikiza, kwani damu yake huandaliwa kwa namna ya pekee.

Chakula hakihitaji kuwa cha ghali. Ugali, wali, maharage, mchicha uliopikwa, samaki na mayai yaliyoiva kabisa vinatosha, pamoja na maji yaliyochemshwa. Kinachoachwa kwa muda ni kachumbari, maziwa mabichi, juisi za barabarani, kiporo, na karanga zenye ukungu. Balungi pia liachwe, kwa kuwa hupandisha kiwango cha siklosporini. Banda la kuku lisafishwe na mwingine, vumbi la ujenzi aliepuke, na chandarua ni kila usiku. Bibi akileta mizizi aliyoichemsha, apokewe kwa heshima na aelezwe sababu ya kutotumika: baadhi ya mitishamba huvuruga dawa au huumiza ini.

Kuna jambo la mtaani ambalo vipeperushi huliacha. Mtoto amevaa barakoa, nywele zimenyonyoka, na miongoni mwa dawa zake ni Septrin, ambayo kwetu watu wengi huihusisha na VVU. Minong'ono huanza. Ushauri wetu ni kuwaambia majirani wa karibu na ndugu mapema, kwa maneno machache: amebadilishiwa uloto, kinga inakua upya, tutawakaribisha muda ukifika. Anayependa kusaidia alete mkaa au awapeleke shule wadogo wa mtoto. Mwenye mafua abaki kwake.

Chanjo alizopata utotoni kwa sehemu kubwa zimefutika na zitarudiwa, kwa kawaida kuanzia kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, husubiri angalau miaka miwili, tena akiwa ameshaacha dawa za kutuliza kinga. Wadogo zake waendelee na chanjo zao bila kuchelewa, ila ulizeni kwanza kuhusu matone ya polio, kwani virusi vyake hutoka kwenye kinyesi cha aliyepewa kwa wiki kadhaa. Shuleni atarudi daktari akiruhusu. Mwalimu akisikia surua au tetekuwanga darasani, apige simu siku hiyo hiyo.

Sasa niseme kuhusu mama, kwa sababu mara nyingi ndiye anayeachiwa yote. Amekaa hospitalini kwa miezi, genge lake limekufa, watoto wengine wako kwa bibi, na nyumbani ni yeye peke yake anayejua ratiba ya dawa. Hili si suala la kumhurumia tu, ni la usalama wa mtoto. Mama akiugua siku moja, nani anajua kipi ni cha asubuhi na kipi ni cha usiku? Kabla ya upandikizaji, ukoo ukae kikao na umteue mlezi wa pili, awe baba, mama mdogo au kaka mkubwa, afundishwe wodini kama mama alivyofundishwa na apange zamu za usiku pamoja naye. Kikao hicho hicho kiamue nauli ya kliniki itatoka wapi mwaka wa kwanza na nani atajibu simu za ndugu. Michango hufurika wiki ya upandikizaji, kisha hukauka mwezi wa nne, wakati nauli bado inahitajika.

Na yule aliyetoa uloto? Uloto wake hurudi wenyewe ndani ya wiki chache, lakini moyoni anaweza kubaki na mzigo. Akiona mwenzake anapata vipele, na kusikia watu wazima wakisema "damu ya kaka inamshambulia", hujiona ndiye mkosaji. Mwambieni waziwazi kwamba hakukosea lolote, na hata uloto ungekataa, isingekuwa kosa lake. Mpeni muda wenu, naye alisimamisha maisha yake.

Ufuatiliaji utaendelea kwa miaka: ukuaji, figo, moyo, madini ya chuma yaliyojaa mwilini kwa kuongezewa damu mara nyingi. Dawa za maandalizi zinaweza pia kupunguza uwezo wa kuzaa, kwa hiyo swali hilo liulizwe kabla ya matibabu, na kubalehe kufuatiliwe. Akifika ujanani aelezwe jambo moja zaidi: uloto ulibadilisha damu yake, haukubadilisha mayai wala mbegu zake za uzazi. Kila mtoto atakayemzaa atarithi kwake jeni moja ya selimundu. Mchumba wake naye apimwe, na wakae na mshauri wa mambo ya kurithi kabla ya kupanga kuzaa.